Kitanda Kisicho na Uvungu

Wakili Makarius Lyamba alikuwa na dawa moja tu ya kumtoa mtu kitanzini, nayo ilikuwa chungu kuliko shubiri: alimgeuza mteja wake kuwa mwoga.

Dawa hiyo aliigundua jeshini. Kabla ya kufungua ofisi yake Mpanda, katika nyumba ya bati jekundu karibu na stesheni, alikuwa kapteni, mwanasheria wa jeshi, kazi yake kuwatetea askari mbele ya mahakama za kijeshi. Alikuwa mtoto wa Karema, amelelewa na mapadri, ana sauti ya kuongozea ibada na moyo wa mfanyabiashara. Kesi iliyompa jina ni ya askari mmoja aliyeshtakiwa kumpiga risasi koplo wake. Kila mtu alikuwa amekwisha kumzika askari yule kwa mawazo. Lyamba akasimama, akathibitisha kwamba saa ya mauaji kijana hakuwapo lindoni kabisa. Alikuwa ameitupa zamu yake na kujificha katika banda la kuku la mama mmoja nje ya kambi, anatetemeka, eti amesikia simba. Maofisa walicheka mpaka wakatoa leso. Kijana akafungwa kwa kutoroka lindo, akafukuzwa jeshi, lakini roho yake ikabaki. Kwamba baadaye alikokwenda kote alifuatwa na jina la Kuku, na kwamba hatimaye hata kwao alipahama, hayo Lyamba aliyasikia juu juu na hakuulizia zaidi. Fundi seremala haulizi kiti alichokiuza kinakaliwa na nani.

"Uongo unaomsifu msemaji hata mtoto ataukataa," alipenda kusema, huku akikaza tai ambayo hata jua la Oktoba halikuwahi kumvua. "Lakini mtu akijivua nguo mwenyewe mbele ya watu, nani atasema anadanganya?"

Alipostaafu jeshi na kurudi uraiani alikuja na dawa yake mfukoni. Wezi wa bunduki, majangili, watu waliokatana mapanga vilabuni, wote aliwapitisha tundu lile lile. Mmoja alikuwa amezirai kwa woga, mwingine alikuwa amejisaidia katika suruali, mwingine alikuwa amejifunga kanga ya mkewe akajifanya mwanamke. Mahakama zilicheka, na hakimu anayecheka hanyongi.

Mwaka tisini na tatu akaletewa Kija Ng'wandu.

Kija alikuwa mfugaji wa Kisukuma, mmoja wa wale walioshuka na mifugo yao kutoka Shinyanga wakitafuta majani, wakatua pembeni mwa misitu ya Ugalla. Mtu mrefu, mpole, mwenye maneno ya kuhesabu. Wasukuma wale walihama na vyote vyao: ng'ombe, mitungi, wazee, na sungusungu, lile jeshi la wanakijiji lenye kamanda wake, kiapo chake na adhabu zake. Ng'ombe wakiibwa, mwenye boma hupiga yowe, nalo yowe hilo huliita mwano. Ukisikia mwano unashika upinde na kutoka, uwe unakula, uwe unaumwa, uwe umelala na mkeo. Mwanaume aliyeusikia akabaki ndani huyo hana kijiji. Hasalimiwi, hapewi moto, hachotewi maji, na akifiwa anachimba kaburi peke yake.

Basi mwano ulipigwa, wanaume wakatoka wote, wakafuata nyayo mpaka kukapambazuka. Kando ya mto wakamkuta mtu. Alikuwa Evodi, Mkonongo mlina asali, amebeba kamba yake na ndoo, anaiwahi mizinga yake kabla ya jua kali. Hakuwa na ng'ombe wala harufu ya ng'ombe. Alipoona kundi zima la watu wenye pinde likimjia, alifanya lile ambalo mimi na wewe tungefanya, alikimbia. Na mtu anayekimbia mbele ya sungusungu amekwisha kujihukumu. Mshale ulimpata mgongoni, akafa akiwa ameishika ndoo yake.

Polisi walipofika, kijiji kizima kilikuwa hakijui kitu. Lakini mshale ulikuwa na alama ya kisu karibu na manyoya, na alama za mishale zinajulikana kama chapa za ng'ombe. Alama ile ilikuwa ya Kija. Wakamchukua yeye peke yake.

Lyamba alikutana naye gereza la Mpanda, katika chumba chenye benchi na dirisha la nondo. Kija alieleza bila kuficha.

"Nilienda, baba wakili. Lakini sikupiga. Yotham, mtoto wa kamanda, alikuwa ameishiwa mishale. Akaniomba, nikampa mmoja."

"Utamtaja Yotham mahakamani?"

Kija akagusa chale zilizokuwa kifuani pake. "Nimeapa, baba. Nikimtaja mwenzangu, nyumba yangu inaisha."

"Basi?"

"Nitasema nilienda, sikupiga, aliyepiga simjui."

Lyamba alicheka, kicheko cha mtu anayeona ndama akitaka kuvuka mto kwa kutembea. Akamweleza taratibu, maana hapo alikuwa anasema kweli. Sheria haiulizi ni mkono wa nani ulioachia upinde. Mmetoka pamoja, mmekimbiza pamoja, nia yenu ni moja, na kosa lenu ni moja. Akisema alienda amejifunga kamba mwenyewe.

"Na kwa kuwa wenzako hawapo hapa," akamalizia, "utanyongwa kwa niaba yao. Kwa hiyo hukwenda."

"Nilienda."

"Hukwenda, Kija. Mwano ulipigwa, ukaogopa. Ulimpa podo lako la mishale mtu aliyekuwa anapita nje ya boma, gizani, humjui ni nani. Kisha ukarudi ndani ukaingia uvunguni mwa kitanda."

Kija alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyetukanwa kwa lugha ngeni na anataka ahakikishe kwanza.

"Baba, bora niseme nimeua. Mtu aliyeua ana kwao. Aliyesikia mwano akalala hana kwao."

"Aliyenyongwa ndiye hana kwao. Anazikwa na askari magereza, mkewe haoni hata udongo. Una mtoto?"

"Minza. Bado ananyonya."

"Basi chagua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Hapo ndipo mtu mwenye masikio angesimama. Lyamba alikuwa mwanajeshi. Alijua mtu anayekimbia lindo anakuwa nani mbele ya wenzake, na mteja wake alikuwa amemwambia waziwazi, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwamba kuna kifo kingine mbali na kile cha kamba. Lakini Lyamba alisikia woga wa kijinga wa mtu wa porini. Alimkazania siku ile na siku nyingine, kwa upole, kwa ukali, kwa jina la Minza, mpaka Kija akainamisha kichwa. Kumtisha mtu kwa mtoto wake ni kazi rahisi, na watu hulipwa vizuri kwayo.

Mke, Kabula, alifundishwa ofisini, amemfunga mtoto mgongoni. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye macho yasiyokwepa. Alisikiliza mpaka mwisho ndipo akauliza.

"Uvunguni, baba wakili?"

"Uvunguni. Alikaa humo mpaka asubuhi, ukamvuta mguu kumtoa."

"Kitanda chetu tumekijenga kwa udongo. Kimejaa mpaka chini. Hakina uvungu."

"Mahakamani kitakuwa nao," Lyamba akasema. "Nani atakwenda Ugalla kuchungulia kitanda chako?"

Jaji alipokuja Mpanda kwa vikao, ukumbi ulijaa hadi madirishani. Wasukuma walikuja kwa lori la tumbaku, kamanda Shadrack Nkwabi akiwa mbele yao, mzee mnene mwenye kofia ya pama, ameketi kimya kama yuko kanisani. Kija alitangulia kuapa kwamba hakwenda, kisha Kabula akapanda kizimbani, akaapa, akaanza kusema kwa Kisukuma. Mkalimani alikuwa kijana mchekeshaji, na kila alichokigeuza alikiongezea chumvi. Alipofika uvunguni, ukumbi ulilipuka. Jaji mwenyewe alishika kalamu mdomoni. Watu wa mjini walicheka, makarani walicheka, askari polisi mlangoni aligeukia ukuta ili asionekane.

Wasukuma tu ndio hawakucheka. Walimtazama Kija aliyekuwa amesimama na askari magereza pembeni, na Kija aliyatazama magoti yake.

Wakili wa serikali akajaribu. "Mama, mumeo amekaa uvunguni usiku kucha wakati wanaume wote wametoka. Wewe ulimwambia nini?"

Kabula alimtazama mumewe. Jibu hilo Lyamba hakuwa amemfundisha.

"Nilimwambia yeye si mwanaume," akasema. Wazee wa baraza waliokaa na Jaji wakatazamana na kutikisa vichwa, na Lyamba alijua pale pale kwamba ameshinda.

Hotuba yake ya mwisho ilisemwa Mpanda kwa miaka. "Mheshimiwa Jaji, mteja wangu ni mwoga. Simtetei kwa hilo, na mkewe hakumtetea. Lakini hakuna sheria katika Jamhuri hii inayomlazimisha mtu kuitikia mwano. Asiyetoka anaweza kuwa na aibu. Hawezi kuwa na kosa."

Wazee wa baraza wakasema mmoja baada ya mwingine kwamba hana hatia. Mmoja aliongeza kwamba hakuna mwanaume anayeweza kujizushia jambo kama lile. Jaji akaafiki, Kija akafunguliwa pingu.

Nje, chini ya kuta za mahakama, Shadrack alimpa Lyamba mkono. "Umefanya kazi, baba wakili. Sisi hatukujua kama maneno yanaweza kuvuta hivyo." Kija naye alikuja, amekonda, anatabasamu kwa haya, akanyoosha mkono wake. Shadrack aligeukia upande mwingine, akaanza kuwahimiza watu wapande lori. Wote walipanda. Lori likaondoka. Kija alibaki amesimama, mkono bado umenyooka, na Kabula akaushika akaushusha. Lyamba aliyaona hayo yote. Akajiambia kwamba furaha humchanganya mtu, akaenda kula.

Kesi ile ilimpandisha. Alianza kuitwa Tabora, Kigoma, Sumbawanga. Majangili wenye fedha walimtafuta kwa treni. Jina lake likapelekwa juu, ateuliwe jaji, na watu wanaojua kupeleka majina, na baadhi ya mawakili wenzake wakawa wanamwita Mheshimiwa kwa utani, utani ambao hakuukemea. Alishona joho jipya.

Katikati ya masika Kabula akaja ofisini kwake. Hakuwa na mtoto mgongoni.

Alipiga magoti mlangoni kama wanavyosalimia wanawake wa kwao, kisha akasema habari zake bila kulia. Tangu warudi, hakuna aliyewasalimia. Kisimani wakifika, wengine wanainua ndoo na kusubiri mbali mpaka waondoke. Mnadani Kija hawezi kuuza hata mbuzi. Minza akaumwa malaria, na mwenye baiskeli wa kuwafikisha zahanati akasema baiskeli ni mbovu, kesho yake akapita ameipanda akienda shambani. Mtoto akafa. Kija akachimba kaburi peke yake, mvua inanyesha, na majirani wakapita njiani na majembe begani kwenda kupalilia tumbaku. Hakuna aliyesimama.

"Njoo, baba," Kabula akasema. "Njoo uwaambie ulimfundisha wewe."

Tumseme vyema anapostahili: alikwenda. Alipanda Land Rover yake iliyonunuliwa kwenye mnada wa jeshi, akasukumwa matopeni mara kadhaa, akafika kwa Shadrack na hasira zote za mtu aliyechafua suruali. Kamanda alikuwa amekaa barazani akisokota kamba ya katani. Akamkaribisha kigoda, akamwitia maziwa.

"Kamanda, nyie mnajua Kija alienda."

"Alikuwa mkono wangu wa kulia. Maji niliyokunywa njiani, yeye ndiye aliyenipa."

"Sasa mnamtenga kwa nini?"

Shadrack aliendelea kusokota. "Yeye ameapa hakwenda. Mke wake ameapa. Jaji amesoma kuliko sisi, naye amesema ni kweli, Kija alilala. Mimi nani nimkatalie Jaji?"

"Unajua ni uongo."

"Kile kitanda nilisaidia kukijenga, baba wakili. Hakina uvungu." Akainua macho kwa mara ya kwanza. "Sisi tulienda wote. Kama tuliua, tuliua wote. Yeye akasimama mbele ya watu akasema, hawa ndio walioenda, mimi simo. Angesema amesahau, angesema ni mgonjwa, tungenyamaza. Amejitoa mwenyewe. Sisi tumemwacha huko alikojiweka."

"Anaweza kurudi?"

"Njia ipo. Aende pale pale aliposimama, au polisi, aseme, mimi nilienda. Asimtaje mtu. Aseme tu alienda. Akirudi atatoa ng'ombe, tutakula, yataisha. Hata akifungwa, mke wake tutamlimia."

Lyamba aliyanywa maziwa, na akili yake ya sheria ikafanya kazi haraka kuliko moyo wake. Njia ilikuwepo kweli. Muda wa serikali kukata rufaa ulikuwa umepita, na mtu aliyeachiwa na mahakama hashtakiwi tena kwa kosa lile lile. Kija akisema alienda, hakuna kamba tena duniani ingeweza kumgusa. Angeshtakiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo, angefungwa kidogo, angetoka na kijiji chake kikimsubiri. Lakini swali la kwanza ambalo polisi wangemuuliza ni nani aliyekufundisha uongo huo. Na Kija alikuwa mtu asiyejua kudanganya bila kufundishwa. Joho lingekwenda, ofisi ingekwenda, jina lililopelekwa juu lingeteremka kwa kishindo, na wakili mwenyewe angeona gereza la Mpanda kutoka upande wa pili wa nondo.

Alimkuta Kija nyuma ya nyumba, ameketi karibu na tuta dogo ambalo majani yalikuwa yameanza kuota juu yake. Kija alisimama alipomwona wakili, akamfutia kigogo kwa kiganja ili asichafuke.

"Kamanda ameniletea maneno kupitia mtoto mmoja," Kija akasema. "Nikisema nilienda, wananirudisha. Mimi niko tayari. Kabula ananiambia kila siku, nenda useme. Nilikuwa nakusubiri wewe, baba, maana wewe ndiye unajua. Nikisema, itakuwaje?"

Ilikuwa nafasi ya kusema kweli kwa mtu mmoja, porini, bila mkalimani, bila Jaji. Ndege walikuwa wanalia, Kabula alikuwa anatwanga upande wa pili wa nyumba. Ningependa kuandika kwamba Lyamba alisitasita. Hakusitasita.

"Watakunyonga," akasema.

Kija aliitikia kwa kichwa, taratibu. Aliamini, kama alivyoamini kila alichoambiwa na mtu yule.

"Hata sasa?"

"Hata sasa. Kesi itafufuliwa. Usithubutu kutamka neno hilo mbele ya mtu yeyote. Vumilia tu, watachoka."

"Haya, baba," Kija akasema. "Nitamwambia Kabula." Akamsindikiza mpaka kwenye gari, akalisukuma lilipokwama.

Kiangazi kiliingia, na pamoja nacho wezi wa ng'ombe. Wezi si wajinga; boma lililotengwa hunuka kwao kama nyama kwa fisi. Waliingia kwa Kija kabla ya jogoo la kwanza. Kija akatoka na upinde, akapiga mwano.

Yaliyofuata yalisimuliwa Mpanda na wale wale waliokuwa wamelala, kwa hiyo tunayajua vizuri. Walisikia wote. Vijana wengine waliruka kwa mazoea, wakashika mapodo yao, wakafika mpaka milangoni. Pale milangoni wakaitambua sauti. Wakarudisha mapodo ukutani. Mwano uliendelea kutoka upande wa boma, kisha upande wa bonde, kisha mbali zaidi, kwa maana Kija alikuwa anawafuata wezi huku anaita, akidhani labda wenzake wanakuja nyuma yake. Mwanamke mmoja alimwambia mumewe, si utoke. Mume akamjibu, yeye alitoka lini? Sauti ikawa inakwenda, inakwenda, mpaka ikakatika katikati.

Asubuhi Kabula alimkuta bondeni. Wezi walikuwa wamemkata kwa mapanga. Alichimba mwenyewe, karibu na lile tuta dogo, na kwa kuwa mume alikuwa mrefu, ilimchukua mpaka jioni.

Safari hii polisi walikasirika kikweli. Mkuu wa polisi wa wilaya alitaka kumkamata Shadrack na wenzake wote: mtu anaitaje usiku, kijiji kizima kikimsikiliza mpaka afe? Shadrack akapanda lori la tumbaku akaja Mpanda. Alivua kofia yake alipoingia ofisini kwa Lyamba, akakaa, akaiweka gotini.

"Wanatuuliza kwa nini hatukutoka," akasema. "Nikawaambia, jibu analo wakili. Mbele ya Jaji ulisema hakuna sheria."

Lyamba aliutazama mlango. Kisha akautazama ukuta, lilipotundikwa joho.

"Hakuna," akasema.

"Asiyetoka hana kosa."

"Hana."

"Basi njoo uwaambie hivyo hivyo. Uliyasema vizuri."

Na Lyamba akakubali. Angefanya nini? Kumfukuza kamanda kungekuwa kumwomba aeleze habari za kitanda. Akamwambia asubiri kidogo, akatoka barazani kutafuta hewa.

Kwenye benchi la wateja alikuwa amekaa Kabula, udongo mwekundu bado uko kwenye kucha. Alikuwa amekuja tangu asubuhi na hakutaka kumsumbua mtu. Alipomwona akashuka benchini, akapiga magoti.

"Baba wakili, sitaki kesi. Nina swali moja tu, halafu naenda kwetu Shinyanga."

"Uliza, mayu," akasema, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Mimi nilikuwa namwambia kila siku, nenda useme ulienda. Akasema, wakili amekataza, wataninyonga. Nikamwambia, wewe unaogopa tu. Nikamwambia sasa ndiyo nimeamini, wewe kweli ni mtu wa uvunguni. Siku ile kabla ya wezi nilimwambia hivyo, hakula." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Niambie wewe. Kama angesema, wangemnyonga?"

Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, na Shadrack alikuwa ndani akisikiliza. Njiani kijana alipita anauza samaki wakavu wa Karema, akasalimia, hakujibiwa.

"Wangemnyonga, mayu," Lyamba akasema.

Kabula akafumba macho, na pumzi ndefu ikamtoka. Kwa mara ya kwanza tangu Lyamba amfahamu, machozi yakaanza kumtiririka.

"Basi alikuwa ananiambia kweli. Na mimi nikamwita mwoga." Akaushika mkono wa wakili kwa mikono yake yote miwili, kama wanavyoshikana watu waliozika pamoja. "Asante, baba. Umekuwa mwema kwetu tangu mwanzo. Ni sisi tu hatukuwa na bahati."

Akainuka, akajifunga vizuri kanga yake, akaelekea stesheni kuulizia treni. Lyamba alisubiri mpaka alipopinda kona. Kisha akarudi ndani, akaketi, akakaza tai, akamwambia Shadrack waanze tangu mwanzo: mwano ulipopigwa, kila mmoja wao alikuwa wapi.